Nimekula Firigisi, Sasa Niiache Bima?

Kitale, Jumanne, 14 Oktoba 2025. Asubuhi ya ukungu na manyunyu, mahindi ya watu hayakauki.

Mpendwa mshauri Gladwell, naomba msaada kwa sababu kuna jambo moja sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu anayefanya kazi Endebess na kurudi nyumbani Ijumaa. Mimi ni karani katika kiwanda kidogo cha kusaga unga hapa mjini, na mwajiri wetu, Bi Avneet, anatulipia bima ya matibabu, lakini ni ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto tu, wazazi hawamo. Sasa ametupa nafasi ya kuchagua, anayetaka abaki, asiyetaka aongezewe pesa hizo katika mshahara ajinunulie bima yake, jibu limfikie kabla ya mwezi kwisha, na ukishatoka hurudi hadi mwaka ujao.

Mama yangu yuko Naitiri, ana sukari, na kidonda cha mguu wake kimeanza kunuka. Nilipomweleza kaka yangu Walubengo habari hii ya bima, aliita mkutano wa familia Jumapili baada ya kanisa, wakakubaliana kwamba nitoke katika bima ya kazini ninunue ile inayopokea wazazi, mchungaji akaomba, kuku akachinjwa. Walubengo akachukua firigisi, ambayo sijawahi kuona mwanamke akiila katika boma letu, akaiweka kwenye sahani yangu mbele ya watu wote.

"Dada, leo hii ni yako. Mwanaume wa hapa ni wewe."

"Atafune polepole bana," akasema baba mdogo Wekoye, "tusije tukamwona na ndevu Krismasi!"

Wakacheka, mama naye akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike dada yangu Joan. Nikaila.

Ambalo sikusema ni kwamba nina uvimbe katika titi la kushoto, niliugusa nikioga mwezi wa nane na bado upo. Joan alianza hivyo hivyo, akanyamaza mpaka nguo zikawa zinalowa usaha, na siku ya kumzika, mama alisema hatazika mtoto mwingine. Nimesoma masharti ya hiyo bima mpya, sukari ya mama itaanza kulipiwa baada ya miezi miwili, lakini ugonjwa kama wa Joan unangoja mwaka mzima. Ya kazini ingenilipia hata kesho. Nikisema ukweli, mama atakataa matibabu ili nitibiwe mimi, namjua. Nikibaki katika bima ya kazini bila kusema, nitakuwa mtu aliyekula firigisi ya watu akawageuka. Nifanye nini?

Dada wa Naitiri

Mstari huu nauongeza kabla ya kuituma barua: jana nilipata usingizi saa nane unusu usiku.

GLADWELL ANAJIBU

Mwanangu, pole. Pole kwa Joan, pole kwa mguu wa mama, na pole kwa kubeba jambo hili peke yako tangu mwezi wa nane.

Sasa nisikilize. Usitoke katika bima ya kazini. Kula firigisi si kutia sahihi. Kaka yako alikupa heshima kubwa, lakini hakujua anayempa ni nani na ana nini mwilini. Ulimwacha asijue. Wewe unayesoma masharti ya bima hadi herufi ndogo, mbona mwili wako hutaki usomwe? Umejipima kwa kaburi la dada yako. Uvimbe mwingine ni uvimbe tu. Siwezi kukuahidi kwamba wako ni huo, na ndiyo maana daktari yupo.

Mwambie Bi Avneet leo kwamba unabaki. Omba ruhusa ya siku moja, sema unaumwa, si uongo, uende hospitali na kadi yako. Ijumaa mume wako akifika, mwambie kabla hajavua viatu.

Kisha nendeni Naitiri wote wawili. Mwite Walubengo kando kwanza, umwambie, "Kaka, ile firigisi nakurudishia, na sababu ni hii." Halafu mguu wa mama. Kidonda kinachonuka hakina miezi miwili ya kungoja bima yoyote. Apelekwe hospitali ya serikali wiki hii, na wote waliosema amina Jumapili ile wachange. Kuku hawakuisha siku hiyo.

Mama atalia. Huenda akakataa matibabu kweli, na hapo mtabishana naye mkiwa wengi. Lakini alishafichwa mara moja, na alichobaki nacho ni nguo za Joan za kufua. Usimfanyie hivyo tena.

Usingizi siwezi kukuahidi. Ijumaa pia huenda ikafika saa nane hujalala. Angalau mume wako atakuwa macho pamoja nawe.