Tonge la Kaka Digambar

Bhuvna, upo? Nakuandikia mbio kwenye simu, nivumilie.

Nimepanda hekaluni kumletea kaka Digambar sweta aliyofuma mama. Si unajua yeye huwabeba mahujaji wazee mgongoni kwa kikapu. Sikumwona, nikajibanza kwenye foleni kando ya mto, nikidhani watu wanangoja baraka.

Kuhani akaniuliza, "Binti, umekuja kwa ajili ya nani?"

Nikasema Digambar. Bhuvna, nikasema Digambar!

Kumbe ile ni foleni ya kulisha wafu. Akafinyanga tonge la wali, akaliweka juu ya jiwe, akamwita kaka kwa jina lake, ale, ashibe, aende zake. Nilitaka kusema, "Baba, huyu yu hai." Nikaona haya. Watu wote walikuwa wananitazama kwa huruma. Mama mmoja akanishika bega, "Pole mwanangu, alikuwa mumeo?" Nikatikisa kichwa kukataa.

Kunguru akalichukua lile tonge. Kuhani akafurahi, "Marehemu amepokea!"

Nimempigia kaka mara tisa. Hapokei.

Bhuvna, amekuja! Mzima, anacheka, "We mwoga, simu imeisha chaji tu, ushaanza kulia?" Nimemkumbatia mpaka akanisukuma. Sijamwambia.

Sasa tumekaa kibandani kwa muuza dengu na chapati. Tangu alfajiri amepanda mara mbili na mzigo, hajatia kitu kinywani. Nimemsogezea sahani.

Ameirudisha. "Kula wewe, mdogo wangu. Mimi nimeshiba, hata sijui nimeshiba nini."