Wambui Hajawahi Kuvuta Sigara

Jumatatu. Ukungu umeilalia Mukurweini tangu asubuhi, mlima hatujauona wiki nzima, na nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Wacha niandike kabla sijamtukana mtu.

Kazi yangu ni msaidizi wa utafiti. Tunazunguka shule za huku Nyeri tukijaribu masomo ya kuwazuia wanafunzi wasianze kuvuta sigara, na baada ya muda tunawapima. Mtoto anavuta pumzi, anaishikilia kidogo, halafu anapuliza kwenye kimashine kinachotoshea mkononi. Kama kifuani hamna gesi ya moshi, taa ni ya kijani. Kama imo, ni nyekundu. Matokeo ni siri. Siri hiyo nimeiahidi kila mahali, mpaka usingizini naiahidi.

Leo tulikuwa shule moja karibu na Gakindu. Niliomba chumba cha kupimia peke yangu. Nikapewa stoo ya vitabu, na ndani ya stoo nikapewa deputi, naibu wa mwalimu mkuu. Ati amekuja kunisaidia na nidhamu! Nilipaswa kumwambia atoke. Lakini huku kwetu mgeni hamwambii mwenye shule atoke kwa stoo yake, hasa mgeni wa umri wangu, hasa akiwa msichana. Hata kiti nikampa.

Akaingia kijana mmoja ambaye sweta yake inanuka sigara kuanzia mlangoni. Akapuliza: kijani. Pengine alivuta Jumamosi, na kufikia leo gesi yote imeshamtoka. Akatabasamu, akaenda zake.

Akaingia Wambui wa kidato cha pili, mtoto ambaye akiongea lazima uinamie umsikie. Nyekundu.

Deputi aliruka kutoka kwa kiti kama aliyekalia siafu. "Kumbe ni wewe! Chukua begi. Usirudi hapa bila mzazi."

"Mwalimu, ni jiko," Wambui akasema. "Cucu yangu ni mzee, anasikia baridi, tunalala na jiko kwa nyumba."

Nikamweleza deputi kwamba makaa hutoa gesi ileile, kwamba kimashine hakiwezi kutofautisha sigara na jiko. "Madam, moshi ni moshi," akanijibu. Mtoto akatoka nje kwenye manyunyu, sisi tukaita anayefuata.

Niliita anayefuata. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Mchana nilimpigia bosi wangu Nairobi. Msomi mkubwa, na kwenye simu ni mpole sana. Akasema tusigombane na shule, tutanyimwa ruhusa ya kurudi muhula ujao. Kisha akauliza kama kipimo nilikiandika vizuri.

Nilikiandika vizuri, daktari. Mtoto wa watu alikubali kutusaidia na kazi yetu. Shukrani ya punda ni mateke, na leo punda ni mimi.

Nyumbani kwao napajua. Mamake yuko mbali kikazi, kwa hivyo anaishi na cucu, nyanya yake, ambaye magoti hayamruhusu kupanda kile kilima cha shule. Mimi ndiye niliyempelekea cucu karatasi ya idhini. Nilimsomea, nikamwambia kwa mdomo huu wangu kwamba hakuna mtoto atakayepata shida kwa sababu ya kimashine. Akaweka dole gumba. Akanifungia na ndizi za kubeba.

Kazi ilipoisha nikaenda kwao, na bosi hajui.

Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, na katikati ya nyumba jiko limekolea. Cucu alikuwa amejifunga shuka mbili. Wambui alikuwa kitandani, kichwa kinamuuma. Nikamuuliza kama huwa kinamuuma siku zingine. Akasema ni kila asubuhi. Alidhani ni njaa.

Kumbe ile taa ilikuwa inatuambia kwamba mtoto huyu anavuta sumu akiwa usingizini! Gesi yenyewe haina harufu. Huku kwetu kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko wasiamke, tunasema pole, tunaendelea. Leo watu wawili tuliosoma tuliiona taa. Mmoja akaona mvutaji, mwingine akaona kipimo cha kuandika. Halafu tukamrudisha kwenye chumba kilekile.

Nilitoa jiko nje. Nikavuta gunia, nikaacha mlango wazi. Cucu akanifokea kwa Kikuyu, ati nimekuja kumuua na baridi, ati wasichana wa siku hizi tuna damu ya chura. Nilimwacha amalize. Kisha nikamweleza polepole mpaka akakubali: jioni wataota moto mlango ukiwa wazi, na wakilala, jiko linalala nje. Blanketi langu zito nitampelekea kesho.

Nikiwa mlangoni akaniuliza, "Na huyu mtoto anarudi shule lini?"

Nilitembea njia yote nikitafuta jibu, nimefika hapa chumbani ndio limekuja.

Asubuhi za baridi kama hizi, deputi hukaa kwenye ofisi ya walimu, madirisha yote yamefungwa, jiko la makaa karibu na miguu yake, anakunywa chai mpaka kengele ilie. Nimemwona mara nyingi. Kesho nitaingia hapo mapema na Wambui. Mzazi wake nitakuwa mimi. Bosi akitaka kunifuta kazi, anifute. Nitamkabidhi deputi kimashine mbele ya walimu wenzake, nimwombe apulize. Taa ikiwaka nyekundu, nitamuuliza swali moja tu, kwa heshima zote.

Mwalimu, na wewe mzazi utamleta lini?