Kidole Gumba Chapewa Kazi ya Shift

Alhamisi, Kitengela. Jua la kukausha nguo kabla ya saa nne, na upepo wa kuziangusha zikishakauka. Nimeamka bila maumivu. Hilo peke yake lingetosha kuandikwa.

Kwa asiyejua: kifundo cha mkono wangu wa kulia kilivunjika mnadani Ewuaso Kedong, ng'ombe mmoja alipotaka kupita kwenye lango nililokuwa nimelishika. Hakuna wa kulaumiwa. Aliniona, nami nikamwona; yeye ndiye aliyekuwa na haraka. Plasta inaanzia chini ya kiwiko na kuishia kiganjani. Vidole viko nje, kidole gumba pia, lakini nikiinua mkono kuchapa, kifundo kinanikataza. Mkono ukilala juu ya kipanya, hauna neno.

Kuchapa kwa mkono wa kushoto peke yake kunawezekana, isipokuwa kwa jambo moja. Herufi kubwa inataka Shift ishikiliwe huku kitufe kingine kikibonyezwa. Alama ya kuuliza vilevile. Alama za usemi vilevile. Mkono unalazimika kutoka mahali pake na kusafiri kibodi nzima, na ukirudi sentensi imeshanitoka kichwani.

Mwandishi wa habari asiyeweza kufungua alama za usemi amebaki na maoni yake tu, na hayo hakuna aliyeyaomba.

Kwa hiyo likizo hii mke wangu, Mama Mutheu, ndiye amekuwa akinichapia. Mimi nasema, yeye anaandika. Ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Anachapa haraka kuliko mimi na hakosei tahajia. Taabu ni kwamba miaka yote amefundisha watoto insha, na insha bila methali haipati alama. Nikisema, "Kamati iligawa siku za maji," ninakuta, "Kamati iligawa siku za maji, kwani wahenga hawakukosea waliponena kuwa haba na haba hujaza kibaba."

Ripoti ya kwanza ilipita hivyo hivyo, sikuiangalia vizuri kwa sababu ya dawa. Mhariri akapiga simu kutoka Nairobi. "Huyu mhenga wako tunaweza kumpigia atuthibitishie?" Nikacheka. Yeye hakucheka sana. Alisema makala ya kisima ikija na mapambo hayo, ataipa mtu wa dawati la uhariri aiandike upya, na jina langu litabaki juu yake.

Makala ya kisima ni ya Mashuuru. Wafugaji na watu wa ploti mpya wanachota maji kwenye kisima kimoja, na kamati imeandika ubaoni siku za matangi na siku za mifugo. Nimekwenda huko mara tatu. Mtu wa dawati hajafika hata mara moja. Mama mmoja mfugaji, Mmaasai, aliyefika siku isiyo yake, alimwambia mlinzi wa kisima: "Ng'ombe hajui leo ni Jumanne." Makala nzima imesimama juu ya maneno hayo. Jana, kwenye nakala tuliyoanza kuchapa, niliyakuta hivi: "Ng'ombe, kiumbe asiye na kalenda, hajui leo ni Jumanne, na maji yakimwagika hayazoleki."

Nimewauliza wakubwa maswali magumu bila kupepesa macho. Kumwambia mke wangu aache methali kulinishinda. Mtu amekupa siku zake zote za likizo. Humrudishii kazi yake na kalamu nyekundu.

Leo asubuhi nimetafuta njia nyingine.

Kipanya hiki aliniachia binti yetu, Mutheu, alipohamia Nakuru. Kina vitufe viwili vya ziada ubavuni, pale kidole gumba kinapokaa. Kazi yake ni kurudi nyuma na kwenda mbele kwenye mtandao, sijawahi kuvihitaji. Nimepata programu ndogo ya bure inayobadilisha kazi za vitufe. Cha nyuma nikakifanya Shift. Cha mbele nikakifanya Ctrl, ya kunakili, kukata na kubandika. Mkono wa plasta ulale tu, kidole gumba kibonyeze; wa kushoto uchape.

Mara ya kwanza haikwenda. Programu inauliza kama kitufe kifanye kazi kikiwa kimeshikiliwa, au kibonyezwe mara moja kisha kibaki kimewaka. Nilichagua hiyo ya pili, nikaigusa Ctrl bila kujua, nikaanza kuandika neno "wafugaji". Ctrl na W hufunga faili. Faili ikafungwa. Nikaifungua, nikaandika tena, ikafungwa tena. Nilikunywa maji, nikasoma maelezo niliyopaswa kuyasoma mwanzo, nikarudisha kwenye kushikilia. Tangu hapo mambo yamekuwa sawa. Nilifungua alama za usemi, nikaandika aliyoyasema yule mama, nikazifunga. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Saa nne Mama Mutheu akaja na kikombe cha chai, tayari kwa kazi.

"Baba Mutheu, kwani nani anaandika?"

"Mimi."

"Na mkono?"

Nikamwonyesha kidole gumba. Akainama akakitazama kikibonyeza, herufi kubwa ikitokea.

"Kwa hivyo nimefutwa. Bila hata barua ya onyo."

"Umepandishwa cheo. Sasa wewe ni msomaji."

"Haya basi, toka hapo nisome."

Nilimpisha. Nimewahi kungoja hukumu mahakamani nikiwa nimetulia zaidi. Alisoma mpaka mwisho.

"Hakuna methali hata moja."

"Hakuna."

"Kavu kama muthokoi iliyolala sufuriani tangu juzi." Kisha akarudi juu, akaweka kidole kwenye skrini. "Huyu mama, alisema hivi kweli?"

"Hivyo hivyo."

"Kwa Kiswahili ama kwa Kimaa?"

"Kwa Kiswahili. Mlinzi ni Mkamba, Kimaa hakijui."

Akakiondoa kidole kwenye skrini. "Basi hapo mimi siko na cha kuongeza."

Nikaona ni wakati wa kumshukuru kwa siku zote alizonichapia. Hakuningoja nimalize.

"Mimi nilikuwa nimechoka, Baba Mutheu. Unasema kama mtu anaita regista ya darasa. Nisingeweka methali ningelala hapo kwa kibodi. Na mazoezi ya kwaya nimekosa yote."

"Mbona hukusema?"

"Mgonjwa haambiwi hivyo."

Kumbe tulikuwa wawili tunaostahiana. Nilicheka mpaka plasta ikagonga meza.

Makala ilikwenda kabla ya chakula cha mchana. Mhariri amejibu kwamba inaingia kama ilivyo. Mke wangu yuko kanisani, na nyumba ni kimya kuliko nilivyotaka.

Ninafikiria lile swali lake. Mhariri hakuuliza kama yule mama alisema hivyo kweli, wala kwa lugha gani. Mama Mutheu aliuliza.

Kesho niko na ripoti fupi ya Isinya, ya wafuga kuku. Nitaiandika mwenyewe mpaka nukta ya mwisho. Kisha sitaituma upesi. Nitaiacha wazi kwenye skrini, nitoke nje kama mtu mwenye shughuli, ili Mama Mutheu aipitie akielekea jikoni.