Anayemlisha Muzee Raphaël

Kadutu, Bukavu
Tarehe 17 Novemba 1974

Mpendwa mdogo wangu Donatien,

Amani ya Bwana ikufikie huko Kolwezi, wewe, Séraphine na watoto. Hamjambo wote? Kifua chako kimepoa? Vumbi la mgodi si la kuchezea, nawe tangu utotoni ni mbishi wa dawa. Kwenye bahasha nimekuandika Bisimwa kama serikali inavyotaka tangu ikataze majina ya ubatizo, lakini humu ndani wewe ni Donatien niliyekubeba mgongoni, usinibishie.

Sisi tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mama miguu imemchoka, mdomo bado. Mvua za mwaka huu ni kali, udongo unashuka hovyo kwenye miteremko yetu, na maharage yamepanda bei sokoni hadi watu wanayatazama tu.

Sasa kaa chini. Ninalokuandikia sijamwambia hata padri.

Unamkumbuka Muzee Raphaël, yule kipofu wa kisiwa cha Idjwi aliyekuwa akisuka vikapu, nyumba ya udongo mwisho wa mteremko? Binti yake wa pekee, Eulalie, alizama ziwani na pirogi, mtumbwi uliobeba mananasi, wala mwili wake haukuonekana. Ndugu waliona vigumu kukaa kilioni bila maiti, wakarudi kisiwani mmoja mmoja. Muzee akabaki na kuta zake.

Mama mkubwa Constance, kabla hajatutoka mwezi wa Agosti, aliniita kitandani akaniambia kwamba ndiye aliyekuwa akimlisha. Kila kulipopambazuka alikuwa anaweka bugali na maharage mlangoni, na kibuyu cha maji, kisha anaondoka bila neno. Hakutaka mtu ajue, hata muzee mwenyewe, asije akajiona mnyonge mbele yake. Bwana alifundisha sadaka ya sirini, na mama mkubwa alikuwa mtu wa kutii bila kuuliza. Kazi hiyo akanikabidhi mimi. Anayekufa humkatalii, nikaipokea.

Jambo ambalo hakuniambia, labda hata yeye hakulijua, ni kwamba muzee alikuwa ameshajijibu ni nani anayemlisha. Asubuhi ya kwanza, nimeinama kuweka sahani, sauti ikatoka nyuma ya mlango, taratibu kabisa:

— Eulalie, mayi ya ziwa iko baridi leo?

Donatien, niliogopa. Nilikimbia hadi kitenge kikanifunguka njiani.

Kesho yake nikarudi, ningefanyaje? Muzee alikuwa anamsimulia Eulalie habari za mbuzi wao wa zamani, na panya wanaotafuna vikapu vyake. Akamwuliza kama huko aliko amepata pa kulala. Nilisimama pale na pumzi yangu, mzima kabisa, lakini nikajiona kama ni mimi nisiyekuwepo. Tangu siku hiyo nikipanda mteremko nasikia miguu nyuma yangu. Nikigeuka naona matope tu. Nasali rozari, na bado naisikia.

Yeye hakuificha furaha yake. Aliwaambia majirani kwamba binti yake anampikia. Unaijua hofu ya watu wetu. Kwenye shirika, ile jumuiya ya sala ya mtaa wetu, Maman Monique alisimama akasema wazi:

— Sisi ndiyo tunapelekeaka bafu, bale balishakufa, chakula. Nani alishasikiaka mufu anamupikia muzima?

Mtoto wa Venant, jirani yetu wa chini, alikuwa na homa wakati huo, na Venant akasema homa hiyo ni moto wa jiko la wafu. Wanaume wakakubaliana kwamba Jumamosi watashuka kuibomoa ile nyumba, muzee arudishwe Idjwi kwa ndugu wasiomtaka. Papa Honoré, kiongozi wa shirika, aliwaomba wangoje. Hawakumsikiliza.

Nami nilikuwa palepale, nikizungusha rozari mkononi. Nikisema ukweli, nyumba inapona, lakini sadaka ya mama mkubwa inakuwa hadithi ya sokoni, na mimi napigiwa makofi. Hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni muzee. Ziwa lilimchukua Eulalie mara moja. Mara ya pili ningemzamisha mimi.

Ijumaa, jua la mchana likiwaka, nilijitwika sahani nikapita katikati ya mtaa, polepole, kila mtu aone. Monique alikuwa anapepeta maharage, akaacha. Venant akanifuata, na wengine wakamfuata yeye. Nikabisha, nikaingia. Muzee akageuza uso, mikono ikinyooka hewani.

— Ni weye, mutoto wangu? Leo umekuya na jua?

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Nilitafuta jina langu mdomoni, sikulipata.

— Ni miye, papa, nikamwambia. Kula.

Akanishika vidole, akapapasa hadi kiwikoni, akalia kama mtoto. Nyuma yangu Venant akavua kofia. Hakuna aliyecheka, na Jumamosi hakuna aliyeshuka.

Tulipotoka nje, Monique alitaka nitangazwe kanisani Jumapili. Nikamwambia kama ana nguvu za kutangaza, basi za kupika pia anazo. Akaninunia, unamjua, lakini Jumanne alienda yeye. Muzee akauliza, naye akajibu kama nilivyojibu mimi. Sasa tunapokezana, na kila mwanamke akivuka mlango ule analiacha jina lake nje. Mtoto wa Venant amepona, na mama yake ndiye anayefua blanketi la muzee. Wa kushukuriwa ni marehemu Eulalie peke yake. Je, ni uongo, Donatien? Wewe ulionja seminari kabla ya kukimbilia mgodini, niambie. Mimi najua tu kwamba muzee amenenepa na mimi nimekonda. Jina la marehemu si nguo, ukishalivaa halivuliki upesi.

Wiki iliyopita mvua ilishuka ya kutisha, udongo ukaifunga njia ya kwa muzee. Mimi nilidhani Monique ameenda mapema. Monique alidhani ni mke wa Venant, na mke wa Venant alidhani ni mimi. Tuligundua kosa letu kesho yake, bombani. Nilichukua uji nikakimbia, nikapanda juu ya ule udongo kwa mikono na magoti, nikijua nitamkuta hoi kwa njaa.

Nilimkuta ameshiba. Sahani ilikuwa sakafuni, na mifupa ya samaki juu yake. Nikamwuliza ni nani aliyemletea.

— Si weye? akasema, akicheka. Umeshasahau?

Sahani ile si yangu. Niliizungusha nyumba kwa nyumba. Kila mmoja aliitazama, akaapa mbele ya Bikira Maria kwamba si yake, na kwamba siku ile hakutia mguu nje. Mmoja wao anaapa uongo, Donatien. Kila asubuhi bombani nawachungulia nyuso zao, na namwomba Mungu iwe ni hivyo.

Msalimie sana Séraphine, na watoto uwabusu. Mama anakusalimu, anasema ulale na fulana kifuani. Anne-Marie, binti wa mama mkubwa, naye anakusalimu. Huyu hajui lolote la sadaka ya mama yake, na usimwandikie. Bwana awafunike huko mliko, na akulinde unaposhuka chini ya ardhi. Mimi nami niombee.

Ni dada yako akupendaye, na jina langu naliandika lote, ili nami nilione:

Cibalonza Clémence