Papa, Salamu Zako Zimemwangusha Mama

Mpendwa Papa, baba yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri, ingawa nilipiga magoti mbele yake mara mbili kwa ajili hiyo. Mama alianguka mtihani wa kusema Kifaransa, na aliyemwangusha ni mimi. Nilijua atakosea wapi. Nikanyamaza.

Unaona, hata sijakusalimia. Ungekuwa hapa ungenikatiza palepale. Unamkumbuka yule mchuuzi wa samaki wa Kasenga aliyekuja depo yako pale mtaani kwetu Kenya kununua chumvi? Gari lake lilikuwa linanguruma nje, yeye jasho linamtoka, na wewe umekalia gunia kama mtu wa likizo.

"Kwanza, bantu ba ku nyumba?"

"Bazima, patron. Chumvi…"

"Bibi? Ule mutoto mukubwa, malaria ilipona?"

"Patron, motoka iko inangoja!"

"Motoka haina bibi. Unijibu."

Depo nzima ilicheka, hata yeye. Mimi nilikuwa nyuma ya magunia nafanya kazi za shule, nikajifunza pale kwamba mtu hatupiwi neno kabla ya kuulizwa watu wake. Mama naye alijifunza. Lo, alijifunza vizuri mno!

Nikueleze, maana hukuwepo. Ulipoondoka kwenda Kivu kumchukua koko, mzazi wako, kabla vita havijafika, ulisema siku tano. Siku ya nne mji wa kule ukaanguka mikononi mwa wapiganaji, na tangu hapo simu yako haipatikani. Wiki ileile ya fujo, huku nako watu walivunja depo, wakabeba hata mizani. Sasa Mama anauza makala, makaa ya kupikia, mbele ya lango. Papa mudogo, ndugu yako, alipiga simu kutoka Kanada: dosye, faili letu la kuhamia kule, iliyokuwa kwa jina lako haiwezi kungoja, iandikwe kwa jina la Mama. Na mwenye dosye ndiye anayekwenda kusema Kifaransa mbele ya mtahini.

Mama, Papa! Mama ambaye Kifaransa chake ni cha sokoni!

Nikawa mwalimu. Mimi, ambaye shuleni naona haya hata kuomba ruhusa ya kutoka nje, ambaye masista wananiandikia kila mwaka "hasemi", nyumbani nikawa napiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Kila nikirudi shule, Mama anaketi kwenye kigoda karibu na jiko la mbabula, ugali wetu wa bukari unachemka, mimi nimeshika simu nahesabu dakika. Sehemu ya kwanza ni dakika mbili tu: jitambulishe. Basi. Jina, kazi, familia.

"Bonjour monsieur," anaanza. Vizuri. "Comment va la famille?" Nafumba macho. "Et madame? Et les enfants? Et le travail? Et la chaleur?" Familia, mke, watoto, kazi, mpaka joto!

"Mama! Si weye njo utaulizwa?"

"Sasa nianze kujisema mbele ya muntu mwenye sijue kama alifiwa? Papa yako angenicheka."

Kila siku hivyo. Nikimwambia apinge maoni ya mtahini, kwa sababu sehemu ya mwisho ni kubishana, anasema, "Hapana, monsieur, vous avez raison," yaani umesema kweli, na ananigeukia: "Muntu amevaa kravati, nimubishie juu ya nini?" Kuna siku nilitupa daftari uani. Kuku wakaja kulidonoa. Mama akacheka, mimi nikalia.

Halafu kuna siku alifaulu kuruka salamu. Akasema jina, akasema kazi, akasema: "Je suis mariée. Mon mari est en voyage." Nimeolewa, mume wangu yuko safarini. Nikamuuliza kama mtahini atakavyouliza: "Il revient quand?" Anarudi lini?

Akainuka, akaongeza makala kwenye mbabula iliyokuwa imejaa tayari.

Tangu siku ile sikumsumbua tena na salamu. Nilijidanganya kwamba ni huruma. Uongo. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu: salamu zitakula dakika zote mbili, ataanguka, tutabaki. Maana tukienda, Papa, utarudi ukute kufuli, au watu wengine wanapika uani kwetu. Namba zote ulizoweka kwenye simu zimekufa na simu. Unachojua ni lango hili tu. Kwa hiyo nilimwambia Mama: "Salamu iko sawa. Bale bantu banapenda heshima."

Akaniamini! Siku ya mtihani alivaa kikwembe ulichomnunulia Pasaka, akaingia. Akatoka anatabasamu.

"Nilimusalimia muzuri sana. Alinijibu na kichwa tu, masikini. Labda iko na matatizo ku nyumba."

Saa ililia kabla hajasema jina la kazi yake. Majibu yalipokuja, aliyasoma, akakunja karatasi, akasema, "Tutarudia." Hicho ndicho kinachonimaliza. Angenipiga kofi ningeshukuru. Na Papa mudogo amesema safari hii akianguka, dosye inafungwa.

Mtihani ni Jumamosi. Jana Mama alikuwa anasonga bukari, hakuniangalia.

"Mwalimu, benzangu ba ku mutihani balisema ni bonjour tu, basi. Kwenye salamu, tukate ao tuache?"

"Nitafikiri, Mama. Kesho."

"Fikiri muzuri, weye njo mwalimu." Akageuza mwiko. "Papa yako alitoka Butembo akafika hapa hajue hata barabara moja. Ule anajua kuuliza njia."

Alijua. Sijui tangu lini, lakini alijua.

Nimechoka nawe, Papa. Nasema kweli, na ukinisikia unisamehe. Umetuachia salamu ndefu kama reli, ukaenda na majibu yake. Mama amekusubiri kwa adabu, mimi nimekusubiri kwa hila, na wote wawili tumeanguka mtihani mmoja.

Leo nitamwambia tukate. Bonjour, basi. Na akiulizwa unarudi lini, tutajifunza kusema "je ne sais pas", sijui, bila kuinuka kwenye kigoda. Namba ya Papa mudogo nimeiandika kwa rangi nyuma ya mlango wa depo, kubwa, na nyingine ndani ya lango, pale unapoegemeza mkono ukivua viatu. Uulize njia.

Sasa zile salamu tunazokata kule nikupe wewe zote. Papa, ulilalaje? Koko je, goti lake? Mnapata maji? Mvua imeanza kwenu? Wale mliosafiri nao, ni wazima wote? Mtu anakupikia, au unakula mikate tu kama

Nasikia sapatu za Mama uani. Amekohoa, anakuja kwa somo lake. Hii inakwenda chini ya godoro.

Hujanijibu hata moja.

Binti yako, mwalimu wa Mama