Salamu za Karani wa Mizani

Boito, 3 Februari 2025

Mpendwa Chepkurui,

Nakusalimu, chamgei, binti ya kaka yangu. Natumai barua hii imekupata mzima na kifua kimepoa. Sisi tuko salama. Mvua bado, chai imedumaa, lakini ng'ombe mweusi amezaa.

Baba yako bado amenuna. Anasema kati ya sheria zote ulienda kuchagua sheria ya habari na mawasiliano, na hapa kila mtu ana kesi ya mpaka wa shamba. Nilimwambia, "Kimeli, wacha mtoto." Sasa nadhani Mungu alinisikia vibaya, maana mwenye kesi ya habari ni mimi.

Unakijua kipindi changu cha wakulima redioni, Alhamisi jioni. Tarehe 23 Januari nilisema mizani ya kituo chetu cha majani ya chai inapunja. Sikubahatisha. Mtu wa ndani alininong'oneza, nami na Nyaguthii mwenye duka tukabeba gunia la mbolea ambalo halijafunguliwa, kilo hamsini, tukalitundika pale makarani wakiwa wameenda kula. Mizani ikasoma arobaini na sita.

Sasa wakili wa kampuni inayonunua majani ameleta barua. Anataka niombe msamaha hewani kufikia tarehe ishirini, na nimtaje aliyenipa habari. Jackton, meneja wetu wa redio, anasema niombe tu yaishe. Siombi msamaha kwa jambo la kweli. Niambie nishike wapi.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu pale stesheni inashikwa na kila mtu.

Senge wako,
Janeffer


Nairobi, 6 Februari 2025

Kwa Senge wangu,

Pokea salamu nyingi. Kifua kimepoa, asante kwa ile asali. Mgongo wako je?

Usiombe msamaha. Aliyesema kweli na anaweza kuithibitisha, kesi ya kuchafua jina haimwezi. Je, gunia mlilipima pia kwingine? Na jina la mtu wako usilitamke wala usiliandike, hata kwangu. Akijulikana atafukuzwa, na baada yake hakuna mfanyakazi atakayethubutu kuambia redio chochote.

Nitumie rekodi ya kipindi kizima. Ndiyo ushahidi wa maneno uliyosema hasa.

Binti yako,
Chepkurui


Boito, 10 Februari 2025

Chepkurui wangu,

Salamu tele, na mgongo unasumbua kama kawaida yake.

Rekodi iko kwenye flashi, flashi iko ndani ya soksi, soksi iko ndani ya unga wa wimbi. Usiupike kabla ya kutafuta. Gunia tulilipima kwenye mizani ya duka la Nyaguthii: hamsini kamili. Nyaguthii yuko tayari kusimama popote aseme.

Jina la mtu wangu liko tumboni. Hata kwa koleo halitoki.

Senge wako


Nairobi, 14 Februari 2025

Senge,

Hujambo? Nisamehe, leo salamu ni fupi, na utaona kwa nini salamu zimeniudhi.

Nimesikiliza rekodi hadi mwisho. Unajua unavyofunga kipindi: unasalimia wagonjwa, waliofiwa, kila aliyetuma ujumbe, mtu yeyote asiachwe nje. Na pale, baada ya kusalimia wanakwaya wa Kaplong, nasikia sauti yako: "Na karani wetu Kipyegon pale kwa mizani, asante kwa kunifungua macho."

Senge! Ulimsalimia!

Kukata zile sekunde sita ni kazi ndogo, na kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Kisha nikajiambia kwamba rekodi iliyokatwa ni uongo, na sisi tunapigana na uongo wa mizani. Sikukata. Niliogopa sana, lakini sikukata.

Fanya hivi. Mwite afisa wa vipimo wa kaunti aikague mizani mbele ya wakulima. Hapo hatutahitaji rekodi wala mtu wa ndani. Lakini kwanza nenda kwa Kipyegon umwambie ulichofanya. Usitume mtu. Yakimfika mabaya, programu yetu hapa chuoni ina ofisi ya msaada wa sheria. Mwalimu wetu yuko pale kila Jumatatu.

Binti yako


Boito, 21 Februari 2025

Mtoto wangu Chepkurui,

Salamu kutoka kwetu sote. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na aibu, kisha nikawa na kazi.

Nilienda kwa Kipyegon na kibuyu cha maziwa ya mursik, nikashindwa hata kukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni. Akasema: "Mama, hiyo salamu mimi nilisikia siku ile ile. Bibi yangu akazima redio. Tangu hapo nangoja tu kuitwa ofisi." Wiki tatu amengoja, na hakuja kunilaumu hata mara moja! Nililia mbele ya watoto wake.

Afisa wa vipimo alikuja Jumanne. Makarani wote walirudi nyuma, hakuna aliyetaka kugusa gunia lile la kilo hamsini. Kipyegon akaja, akalitundika yeye mwenyewe, akasoma kwa sauti: "Arobaini na sita." Afisa akaifunga mizani pale pale. Siku iliyofuata wakili aliandika kwamba kampuni imeacha madai. Siku hiyo hiyo Kipyegon aliambiwa abaki nyumbani. Bosi wake alimwambia kwamba hata yeye husikiliza redio.

Jana ilikuwa tarehe ishirini. Niliingia hewani nikaomba msamaha, kama walivyotaka, ila nilimwomba Kipyegon, kwa jina, baada ya kumuuliza na yeye kuniruhusu. Nilisema nilimtaja bila idhini yake, na kwamba mdomo wangu umemharibia kazi. Wakati wa salamu ulipofika sikusalimia mtu. Jackton alidhani mitambo imekufa.

Kipyegon anakuja Jumatatu kumwona mwalimu wenu. Baba yako ndiye anayemleta, amepiga pasi koti lake la harusi, na habari ya mipaka ya shamba hajaitaja tangu Jumanne. Ukiwaona wamesimama getini, msalimie Kipyegon kwanza.

Senge wako,
Janeffer