Mpaka Uliouchora Kwenye Wali

Bibi yangu mpenzi,

Kuna jambo nililomficha kila mtu, hata mama. Wauguzi walikuja shuleni wakatutoboa vidole kupima sukari. Yangu iko juu. Haijawa kisukari, walisema, lakini imefika mlangoni. Niende zahanati na mzazi. Nilirudi nyumbani Timbwani nikajificha nyuma ya kitabu.

Wajua nilimwogopa nani. Shangazi hakuchoka kuicheka simu yako. "Mama atibiwa na simu! Hebu iulize kama yakanda na mgongo." Wewe uliniita mimi tu. Nikaitika, "Abee, bibi." Ukasema, "Nisomee." Macho yako yalikuwa yamechoka, basi mimi ndiye niliyekusomea ujumbe wa kila asubuhi kutoka kwa mpango wa kisukari wa zahanati ulioandikishwa: umepima? Umetembea? Tuma picha ya sahani yako.

Sahani ndiyo iliyotuponza. Kwetu hakuna sahani ya mtu. Sote twala sinia moja. Nikapiga picha ya sinia zima, nikatuma. Muuguzi wa mpango akajibu kwa ujumbe wa sauti, kwa adabu kubwa: "Bibi, wali huu wote ni wako?"

Ulicheka ukashika mbavu. "Mwambie mimi bibi, si jini!"

Siku ya pili ukachora mpaka kwenye wali kwa kidole, ukajikatia kipembe kidogo, ukauvuta mchicha kwako. "Huku kwangu. Atakayevuka atanitambua." Picha zikaenda hivyo, na mpaka wake. Sukari yako ilishuka. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikituma vipimo vyako.

Maradhi ya kifua yalipokuchukua, Shangazi alisema simu ilikunyima utamu wako wa mwisho. Sikubali. Nilikuwepo. Ulikuwa ukila kipande kimoja cha embe huku umefumba macho, polepole, na sijaona mtu mwingine aliyelifaidi embe kama wewe. Hukunyimwa. Ulichagua.

Wanasema pia maradhi ni majaaliwa, tusijisumbue. Hata ajali ni majaaliwa, lakini kila mtu hutazama barabara kabla ya kuvuka. Nimechoka kunyamaza ili nionekane nina adabu.

Ijumaa, sinia lilipowekwa, nilinawa, nikachora mpaka.

"We mwana, wachora nini kwenye chakula cha watu?" Shangazi akauliza.

"Mpaka wa bibi," nikasema. "Sasa ni wangu. Sukari yangu imepanda."

Mama alibaki na tonge mkononi. Shangazi akala upande wake. Nikapiga picha, nikala upande wangu. Jumatatu mama alinipeleka zahanati, na muuguzi akaniandikisha kwenye mpango, kwa simu yako ile ile.

Pumzika, bibi. Hakuna aliyevuka.

Mjukuu wako,
aliyekuwa macho yako